Kiti Mwendo si Mzigo: Historia Fupi ya Haki ya Kufika Salama

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Desemba, nilimfunga mpwa wangu mikanda kwa mikono yangu mwenyewe, nikaridhika kwamba nimemfunga vizuri. Alikuwa na umri wa miaka saba. Ana mtindio wa ubongo, na kiti mwendo chake kilitengenezwa kwa vipimo vya mwili wake: egemeo la kichwa, vihimili viwili vya mbavuni, mkanda wa kifuani, mkanda wa nyonga na mikanda midogo ya kushika miguu. Bila vihimili hivyo hawezi kukaa. Akiwa navyo anakaa wima, anatazamana na watu na anakula bila kupaliwa. Tulikuwa tunatoka Moshi kwenda Dar es Salaam kwa gari dogo la kukodi. Kiti hakikuenea kikielekea mbele, hivyo tulikiweka kwa ubavu, tukafunga magurudumu yake ya nyuma kwa kamba ya manila.

Kabla ya kufika Korogwe, mbuzi walivuka barabara na dereva akakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Kamba ilifumuka, kiti kikapinduka mtoto akiwa ndani yake, na mfupa wake wa mtulinga ukavunjika. Hospitalini daktari aliuliza: "Alikuwa amefungwa mkanda?" Nilijibu kwa uhakika wote: "Ndiyo, daktari. Mkanda zaidi ya mmoja." Dada yangu alinitazama bila kusema neno.

Makala hii imetokana na jibu lile. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na ninapokosea jambo tabia yangu ni kurudi katika historia yake. Niliporudi, niligundua kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi, na kwamba limewahi kufanywa na serikali, viwanda na mashirika ya mabasi yenye wahandisi wengi kuliko sisi.

Hoja yangu ni moja. Kwa muda mrefu kiti mwendo kimehesabiwa kuwa mzigo. Historia ya usalama wa msafiri anayekitumia ni historia ya kukitoa kiti hicho katika hesabu ya mizigo na kukiingiza katika hesabu ya viti vya abiria. Nchini Marekani, ambako mapambano hayo yameandikwa kwa kina, safari hiyo ilichukua karibu miaka sabini. Sisi bado tuko kituoni.

Mikanda miwili, kazi mbili

Tuanze na jibu langu kwa daktari, maana ndani yake mna utata unaowapata wazazi wengi, walimu wa shule maalumu na hata baadhi ya watumishi wa afya.

Mkanda wa mkao hufanya kazi dhidi ya uzito wa mwili unaoinama au kuteleza. Hushonwa kwa kitambaa laini, mara nyingi huwa na kifungo cha plastiki, na hushikizwa kwenye fremu ya kiti kwa skrubu ndogo. Kazi yake ni ya kila siku na ni ya heshima: humwezesha mtu kupumua, kula, kusoma na kuzungumza. Mkanda wa usalama wa gari hufanya kazi tofauti kabisa. Umeshikizwa kwenye bodi ya gari, na hulala juu ya mifupa imara ya mwili, yaani nyonga na bega, ili gari linaposimama ghafla mwili nao usimame.

Tofauti ya nguvu zinazohusika ni kubwa mno. Jaribio la kawaida la mgongano wa mbele kwa viti mwendo huiga gari lililokuwa kwenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Katika sehemu ndogo ya sekunde, kila kitu kilichomo hupata msukumo unaofikia takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 huwa kama mzigo wa kilo 400. Kiti chake, kikiwa nacho na kilo 20, huongeza kilo 400 nyingine. Hakuna kifungo cha plastiki kinachohimili hilo. Hakuna pia mama anayeweza kumpakata mtoto dhidi ya nguvu hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Zaidi ya hayo, mkanda wa kifuani ukiachwa kufanya kazi peke yake, mwili unapoteleza chini unaweza kupanda hadi shingoni.

Kwa hiyo jibu sahihi kwa daktari lilikuwa: hapana. Alikuwa amefungwa kwenye kiti chake, lakini yeye na kiti chake hawakuwa wamefungwa kwenye gari.

Kiti kinachokunjwa

Mwaka 1918 Mmarekani Herbert Everest, mhandisi wa migodi, aliumia uti wa mgongo katika ajali ya mgodini. Viti mwendo vya wakati ule vilikuwa vizito, vya mbao na visivyokunjika. Vilifaa ukumbini na wodini, lakini havikuingia ndani ya motokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, yeye na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, walibuni kiti cha mabomba ya chuma chenye vyuma viwili vilivyopishana kwa umbo la herufi X chini ya kikalio. Kiti hicho kilikunjika. Kampuni yao, Everest & Jennings, ilitawala soko kwa miongo mingi, na umbo lile ndilo tunaloliona hadi leo katika hospitali zetu.

Tuupe uvumbuzi huo heshima yake, maana uliwafungulia barabara maelfu ya watu. Lakini tutazame wazo lililomo ndani yake. Kiti kinakunjwa ili kiingie kwenye buti, na mtumiaji anahamia kwenye kiti cha gari. Ndani ya gari, kiti mwendo ni mzigo. Wazo hilo linamfaa mtu mwenye mikono yenye nguvu na kiwiliwili kinachojishikilia. Kwa anayehitaji vihimili vya mkao, kuhamia kwenye kiti cha gari mara nyingi ni kuacha nyuma kile kinachomwezesha kukaa. Yeye hakuwemo kwenye mchoro ule.

Hakuwemo pia katika mchoro mwingine mkubwa. Mwaka 1959 Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo nchini Sweden, alibuni mkanda wa usalama wenye nukta tatu, na kampuni hiyo ikaacha uvumbuzi huo utumiwe na watengenezaji wengine. Ni miongoni mwa vitu vilivyookoa maisha mengi zaidi katika historia ya barabara. Mkanda ule ulibuniwa pamoja na kiti cha gari kilichokazwa kwenye sakafu. Bila kiti kilichokazwa, sehemu kubwa ya kazi yake hupotea.

Haki ya kupanda

Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Utengamao, ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu. Kifungu kilikuwepo, lakini kanuni za kukitekeleza hazikutiwa saini kwa miaka minne. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaijua hali hiyo vizuri. Mwezi Aprili 1977 wanaharakati wenye ulemavu, akiwemo Judith Heumann, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakataa kutoka. Walikaa humo zaidi ya wiki tatu, baadhi yao wakiwa watu wasioweza kujigeuza kitandani bila msaada. Tarehe 28 Aprili waziri aliyehusika, Joseph Califano, alitia saini.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu mjini Denver waliyazuia mabasi ya jiji katika makutano ya barabara za Colfax na Broadway, wakalala pale usiku kucha. Dai lao lilikuwa jepesi kulieleza: tunataka kupanda basi. Mwaka 1979 wizara ya uchukuzi ikaagiza mabasi mapya yawe na lifti. Chama cha mashirika ya usafiri kikaenda mahakamani, kikashinda mwaka 1981, na serikali ya Reagan ikauacha uamuzi kwa kila mji. Ndipo mwaka 1983 likazaliwa vuguvugu la ADAPT, lililokifuata chama hicho mji kwa mji, mkutano kwa mkutano. Mwezi Machi 1990 wanaharakati waliacha viti vyao chini ya ngazi za Bunge wakazipanda kwa kutambaa. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo, Rais George H. W. Bush alitia saini Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu.

Wanafunzi wangu hupenda kuishia hapo. Ni mwisho mzuri wa filamu. Lakini sheria ile ilimfikisha mtu ndani ya basi. Swali la kitakachompata basi likigonga lilikuwa bado halijajibiwa.

Usalama kama kisingizio

Hapa pana jambo gumu ambalo sitaki tulipite kwa haraka. Katika miaka yote ya mapambano, neno "usalama" lilikuwa katika vinywa vya waliokataa. Kiti chako kitaumiza abiria wengine. Kiti chako hakifungiki. Subiri basi lingine. Mwanaharakati aliyesikia neno hilo alijua kwamba anaambiwa abaki nyumbani.

Kanuni za 1991 zilizotekeleza sheria mpya zilijaribu kushika ncha zote mbili. Kwa upande mmoja ziliagiza kila basi liwe na vifaa vya kufungia viti mwendo, na kwamba kiti kilichofungwa kisisogee zaidi ya inchi mbili, yaani takriban sentimita tano, basi likiwa katika mwendo wa kawaida. Kwa upande mwingine zilikataza mwendeshaji kumnyima mtu safari kwa hoja kwamba kiti chake hakifungiki kwa namna ya kuridhisha.

Mtu anaweza kusema kanuni hizo zinapingana. Mimi naona zina busara ya kisiasa. Zinasema kwamba wajibu wa kutafuta namna ya kumfunga abiria ni wa mwenye gari, na kushindwa kwake hakuwezi kugeuzwa adhabu kwa abiria. Nchi inayoanza kuzungumzia usalama bila kuandika kifungu cha aina hiyo itawapa makondakta sababu mpya ya kuacha watu vituoni.

Mzigo unapogeuka kiti

Wakati wanaharakati wakilala barabarani, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika bila kelele maabara. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, watafiti akiwemo Lawrence Schneider walivifunga viti mwendo juu ya mitambo ya majaribio, wakaweka wanasesere wenye uzito wa binadamu, wakavigongesha. Mifumo mingi ya wakati ule ilishika magurudumu, na gurudumu si sehemu ya kiti inayoweza kubeba nguvu ya mgongano. Viti vilivyowekwa kwa ubavu vilikuwa na hatari ya pekee, kwa sababu nguvu ya mgongano wa mbele humpiga abiria pembeni, mahali ambapo mwili wake na fremu ya kiti chake havina ulinzi. Nilipofika katika sehemu hiyo ya masomo yangu niliweka kitabu chini. Kila walichokikuta kikishindwa, mimi nilikuwa nimekifanya kwenye barabara ya Korogwe: kamba magurudumuni na kiti kwa ubavu.

Matokeo ya kazi hiyo yaliingia kwanza katika mabasi ya shule. Kanuni ya serikali kuu iliyotolewa 1993 na kuanza kutumika Januari 1994 iliagiza kwamba basi la shule lenye nafasi ya kiti mwendo likiweke kikielekea mbele, likifunge kwa nukta nne, na limpe mtoto mkanda wa nyonga na wa bega.

Kisha ikaja hatua ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia nzima. Mwaka 2000 kiwango cha Marekani kinachojulikana kama WC19 kilimgeukia mtengenezaji wa kiti mwendo chenyewe. Kiliuliza: kama mtu atasafiri akiwa ameketi juu yake, je, kiti hiki ni kiti cha gari? Kama ndiyo, kiwe na nukta nne za chuma kwenye fremu, zenye alama inayoonekana, ambapo kulabu za mikanda zitashika. Kijaribiwe kwa mgongano wa kilomita 48 kwa saa. Kimruhusu abiria kuvaa mkanda wa gari ukagusa mwili wake vizuri. Mwaka uliofuata vilitoka viwango vya kimataifa vinavyofanana nacho: ISO 7176-19 kwa viti, na ISO 10542 kwa mikanda ya kuvifungia.

Watu wa mpwa wangu walisubiri zaidi kidogo. Kiti chenye vihimili vya mkao mara nyingi huundwa na sehemu za watengenezaji tofauti, fremu kutoka kwa mmoja na kikalio na mgongo kutoka kwa mwingine. Fremu inaweza kuhimili mgongano huku mgongo uking'oka. Ni mwaka 2009 ndipo kiwango cha ISO 16840-4 kilipoanza kuipima mifumo ya kukalia yenyewe. Miaka hamsini baada ya mkanda wa Bohlin!

Na sisi je?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria yao tangu 2003 iliyotamka kwamba magari ya abiria yarekebishwe, na Katiba yao ya 2010, ibara ya 54, inataja usafiri wa umma kwa jina. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza Dar es Salaam, yakiwa na vituo ambavyo sakafu yake inalingana na sakafu ya basi. Hayo ni mafanikio, na aliyewahi kumbeba mtu mzima mgongoni kupanda daladala hawezi kuyabeza.

Lakini yote hayo ni haki ya kupanda. Ninayo nyumbani stakabadhi ya basi la mkoani ambayo dada yangu aliitunza: "Abiria 2, mzigo 1." Mzigo huo ni kiti cha mwanawe. Kilikwenda kwenye buti, naye akampakata mtoto kwa saa tisa. Sidhani kwamba kondakta yule ni mtu mbaya. Aliandika kile ambacho mfumo wetu mzima unakiamini.

Nimesikia pingamizi, na nitalijibu kwa heshima. Wenzangu husema: katika nchi ambayo abiria wasio na ulemavu wanasimama ndani ya daladala bila mkanda, kuzungumzia nukta nne na ISO ni anasa. Nawakumbusha Kenya ya Februari 2004. Waziri John Michuki aliagiza kila abiria wa matatu awe na mkanda. Magari mengi yaliegeshwa kwa siku kadhaa, kisha yakarudi barabarani yakiwa na mikanda. Kilichokuwa anasa kikawa kanuni. Tatizo la kanuni zile kwa mada yetu ni kwamba mikanda ilifungwa kwenye viti vya matatu. Aliyekuja na kiti chake mwenyewe hakupata wa kujifungia.

Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mamlaka zinazosimamia usafiri wa ardhini zitamke katika kanuni kwamba kiti mwendo cha abiria si mzigo na hakitozwi nauli, na kwamba hakuna anayeachwa kituoni kwa sababu ya kiti chake. Tamko hilo halihitaji mkopo wa benki yoyote.

Pili, viti vinavyonunuliwa kwa fedha za umma au kupokelewa kama msaada viulizwe swali la WC19: je, kinaweza kuwa kiti cha gari, na nukta zake nne ziko wapi? Mafundi wa kutuelekeza tunao. Chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la Viwango nalo lina uwezo wa kuvifanya viwango vya ISO kuwa vya taifa. Tuanze na magari ya shule maalumu na ya hospitali, ambayo serikali yenyewe ndiyo mnunuzi.

Tatu, tuwafundishe wazazi na madereva yale yasiyohitaji kiwanda. Mwenye uwezo wa kukaa salama kwenye kiti cha gari ahamie huko, afunge mkanda wa gari, na kiti chake kifungwe pembeni. Asiyeweza, kiti chake kielekee mbele, kifungwe kwenye fremu wala si magurudumuni, kwa mikanda iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Meza ya kiti iondolewe. Mikanda ya mkao ibaki, kisha juu yake uongezwe mkanda wa gari, ulale nyongani na begani ukigusa mwili, usipite juu ya mikono ya kiti.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na mitatu. Mtulinga ulipona, ingawa umeacha uvimbe mdogo anaoupapasa gari linapoanza kuondoka. Desemba hii tutakwenda tena Moshi. Nimepata gari ambalo kiti chake kinaenea kikielekea mbele, lenye reli za kufungia sakafuni, na limenigharimu zaidi ya nauli ya familia nzima kwa basi. Najua kwamba hilo si suluhisho. Ni mshahara wa mhadhiri ukinunua kile ambacho kanuni ingempa kila mtoto. Stakabadhi ya dada yangu naendelea kuitunza, na nitaipeleka kwenye mkutano wowote wa wadau wa usafiri nitakaoalikwa, ili wanaoandika kanuni waisome kwa macho yao: abiria 2, mzigo 1.